Machale Yana Mwaka wa Kuzaliwa

Historia ya Buhaya tuliyosomeshwa ina wakubwa tupu. Tunamjua Rumanyika wa Karagwe aliyempokea Speke mwaka 1861. Tunajua Wajerumani walipiga kambi Bukoba mwaka 1890. Tunamjua Laurean Rugambwa, aliyefanywa Kadinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kuvaa kofia ile nyekundu. Sawa kabisa, sina ugomvi nao. Lakini hebu niulize swali la kipuuzi kidogo: mama yake Rugambwa alipokwenda kupalilia migomba, nani alikuwa amembeba Kadinali? Nani alimfuta makamasi? Vitabu kimya. Na sisi tunaojaribu jaribu kuandika hadithi, nadhani pale vitabu vinaponyamaza ndipo kazi yetu inapoanzia.

Basi leo namleta yaya. Mwiteni mtakavyo: dada wa kazi, hausigeli, beki tatu. Anaingia nyumbani na mfuko wa nailoni wenye gauni mbili, na kesho yake asubuhi anaachiwa kitu ambacho baba mwenye nyumba asingemwachia hata mdogo wake: mtoto wa miezi minne. Benki hawakupi laki moja bila mdhamini. Mtoto tunampa kwa kumwangalia mtu machoni.

Ukimuuliza mama mwajiri kwa nini alimchukua huyu akamwacha yule, atakujibu: "Yule sikumpenda tu. Machale yalinicheza." Mjadala umekwisha. Nani atabishana na machale? Machale ni kama mizimu, ukiyatilia shaka unaonekana hujakua. Ila mimi nimeyachunguza machale ya watu wa kwetu, kuanzia Rubafu huku ziwani, Bugabo yote, mpaka Bukoba mjini, nikaona jambo moja: mengi yana mwaka wa kuzaliwa. Yana baba na mama. Ukiyafuata nyuma hukuti sauti ya moyo, unakuta bei ya kahawa, meli, vita, ugonjwa na amri ya serikali. Moyo umekariri tu.

Zamani kwetu yaya hakuajiriwa. Aliletwa. Alikuwa binti wa dada, au mdogo wa mama, au mtoto wa jirani ambaye ukoo wake na muziro wake vilijulikana hadi kwa babu wa babu. Kama alikuwa mvivu, ulijua uvivu huo umetoka kwa bibi yupi! Na kwa mgeni asiye wa ukoo, wazee walikuwa na dawa yake: omukago, undugu wa kuchanjiana, damu kidogo juu ya buni ya kahawa, kila mtu anakula ya mwenzake. Baada ya hapo kumdhuru ndugu yako wa damu ni kujitakia balaa. Naipenda sana habari hii. Wazee hawakuyaachia macho peke yake kazi ya kumpima mgeni. Walijua macho hudanganya, wakaweka utaratibu.

Utaratibu wa binti wa ukoo ulivunjwa na nini? Wengi watasema maendeleo, na wanasema kweli bila kujua. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aende shule ya msingi, na sheria ya elimu ya mwaka 1978 ikamfanya mzazi awe na kesi asipompeleka. Kwa hiyo yule binti wa miaka tisa aliyekuwa akizunguka na mdogo wake mgongoni sasa yupo darasani anaimba jedwali. Nani abaki na mtoto? Hapohapo mama naye amekuwa mwalimu, nesi, karani wa chama cha ushirika. Na upande wa pili, mabinti wakimaliza la saba wanakuta nafasi za sekondari ni za kuhesabu kwa vidole. Miaka 14 au 15, cheti mkononi, pa kwenda hakuna. Haya, hesabu hiyo haihitaji mtaalamu: huku mama asiye na mlezi, kule binti asiye na shule. Kati yao kuna basi na meli. Ndivyo yaya wa kuajiriwa alivyozaliwa kwa wingi, mtoto wa sera nzuri tu.

Lakini sasa anayekuja ni mgeni. Muziro wake hauujui. Buni hamjala. Ndipo machale yanapoitwa kazini.

Anza na yale yanayotuuma sisi wenyewe. Binti wa Kihaya akienda kutafuta kazi ya ndani Mwanza au Dar, yupo mama atakayesikia kabila lake na kukunja uso. Hatasema sababu. Ukimbana sana atacheka: "Wahaya nawajua!" Anawajua wapi? Hajafika hata Biharamulo.

Twende Nairobi, miaka ya 1930. Kahawa ya Bukoba ilikuwa imetupandisha chati miaka ya 1920, watu wakajenga nyumba za bati, wakalipa mahari za kutisha. Kisha mdororo wa dunia ulioanza mwaka 1929 ukaiangusha bei. Familia zina madeni, vibanja vipo hatarini, na wanawake walioachika hawana haki ya ardhi. Baadhi yao walivuka ziwa, wakafika Pumwani, mtaa wa Waafrika wa Nairobi, wakafanya biashara ya miili yao wakiwa wamekaa milangoni waziwazi. Mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1990, juu ya wanawake wa Nairobi ya kikoloni, na hawa wa kwetu wamo. Pale mjini waliitwa Waziba, hata asiyetoka Kiziba. Hela zilirudi nyumbani. Zilikomboa mashamba ya baba zao, zilinunua vibanja. Wazee wa Kihaya walihangaika kuwarudisha kwa sababu ya aibu, ila sijasikia kibanja kilichorudishwa kwa sababu hiyo.

Wanawake hao hawakuwa wengi ukilinganisha na kabila zima. Hata hivyo jina lilibaki likizunguka kwenye vijiwe, likapanda meli na treni, likawa utani, kisha utani ukazeeka ukawa machale. Mama wa Dar anayeogopa binti wa Kihaya "atamchukua mume wangu" anaogopa bei ya kahawa ya mwaka 1930. Hajui tu.

Halafu ukaja mwaka 1983. Hospitali ya Ndolage, pale Muleba, ilipata wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini. Watu walikuwa wanauita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda baada ya vita ya Amin. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba mjini Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Hilo si uzushi, ni msiba, na kila ukoo wa kwetu una makaburi yake kwenye migomba. Mabinti waliofiwa na wazazi wote wawili wakawa ndio hao wanaotafuta nyumba za kulea watoto wa wenzao. Na hao ndio walioogopwa zaidi! Mtu alidhani mtoto ataukwaa kwa kubebwa, kwa kikombe, kwa jasho la mgongoni. Kufikia mwaka 1986 ugonjwa ulikuwa umeripotiwa kila mkoa wa Tanzania Bara, kwa hiyo mwajiri aliyemkwepa binti wa Kagera akamchukua wa kwingine hakuwa amekwepa chochote. Na pale Bukoba mjini, kufikia mwaka 1996, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 13. Takwimu zilishuka. Kukunja uso hakukushuka.

Hapa msomaji wangu wa Kihaya anatikisa kichwa, anasema ni kweli, tumeonewa. Ngoja kwanza, waitu. Zamu yetu.

Nani alipalilia ile kahawa ya miaka ya 1920? Vibarua kutoka Rwanda na Burundi, na wengine kutoka Ngara. Walikuja kwa miguu, wakalala kwenye vibanda vya nyuma, wakalipwa kidogo na ndizi. Kizazi baada ya kizazi walikuwa mikono ya Buhaya. Nasi tukajifunza kuwaita majina. Mtoto wa kwetu akiwa mchafu aliambiwa anafanana nao. Akila sana, anakula kama wao. Nimeyasikia haya kwa masikio yangu, na si kwa watu wabaya, kwa watu wanaosali.

Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa kubwa kama mji. Ni kweli kwamba kati ya wakimbizi walikuwamo wauaji, hilo dunia nzima inajua. Ni kweli pia kwamba wengi walikuwa wanawake na watoto waliokuwa wanafuata tu mgongo wa aliye mbele yao. Desemba 1996 serikali iliwarudisha Wanyarwanda kwao. Lakini neno moja lilibaki mkoani, na nimekua nikilisikia kila anapotajwa binti wa kazi kutoka ng'ambo: "Utamwachiaje mtoto mtu aliyeona damu?" Hata kama binti mwenyewe alizaliwa mwaka 1998. Hata kama ni Mrundi, wala si Mnyarwanda. Machale hayaangalii vyeti vya kuzaliwa.

Sasa nieleze la nyumbani, maana nisipolisema nitakuwa nahubiri tu. Kwetu Rubafu alikuwapo dada kutoka Burundi. Alikuja mwaka 2009, mdogo wangu akiwa hajaota jino. Yeye ndiye aliyemfundisha kutembea, akimshika vidole viwili kati ya mlango wa jiko na mti wa mparachichi. Mama alikuwa anashinda sokoni, anarudi usiku, anamkuta mtoto ameshaoga, amelala. Hakuuliza kitu. Miaka minne hakuwahi kuhesabu vijiko.

Julai 2013 Rais Kikwete alipokuwa ziarani mkoani Kagera alitoa wiki mbili, wahamiaji wasio na vibali waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, Kagera, Geita na Kigoma. Sababu zilizotajwa zilikuwa ujambazi, silaha, mifugo kuharibu misitu, na ujambazi kweli ulikuwapo, mabasi yalikuwa yanatekwa. Maelfu walivuka mpaka, wakiwamo waliokaa nchini miongo kadhaa, wakiwamo waliooa na kuolewa huku. Nilikuwa darasa la tano. Ninachokumbuka si askari. Nakumbuka wiki ile ya tangazo la redioni, mama alianza kuhesabu vijiko.

Alivihesabu jioni, mezani, taratibu, kama mtu anayefanya kitu cha kawaida. Dada alikuwa anaona. Kisha mama akaanza kumwita mtoto kila baada ya muda, "Mlete nimwone," akimgeuza geuza mikono. Jirani mmoja alikuja akamwambia, "Ma, mimi wangu nilishamwondoa, moyo ulikataa." Moyo ulikataa! Moyo uliokuwa umekubali tangu mwaka 2009 ulikataa wiki ileile redio ilipotangaza. Dada aliondoka alfajiri na kifurushi chake, hakudai hata mshahara wa mwezi. Mdogo wangu alimwita siku kadhaa, kisha akaacha, kama watoto wanavyoacha.

Aliyekuja badala yake alikuwa wa ukoo wetu kabisa, muziro mmoja, ameletwa na shangazi. Alikaa wiki tatu, akatorokea Mwanza. Sisemi hivyo kuonyesha kwamba wageni ni wazuri na ndugu ni wabaya. Alikuwa na miaka 15, na nadhani aliichukia kazi ile tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

Je, machale yote ni takataka? Hapana, na anayesema hivyo hajawahi kumwachia mtu mtoto. Novemba 2014 video moja kutoka Kampala ilizunguka dunia: yaya anampiga mtoto wa kama mwaka na nusu, anamkanyaga, mpaka watu wazima waliotazama walilia. Baba wa mtoto ndiye aliyetega kamera. Kwa nini aliitega? Kwa sababu alimwona mwanawe ana michubuko na anachechemea. Hayo ndiyo machale ninayoyaheshimu. Hayakutoka kwenye kabila la yaya. Yalitoka kwenye mguu wa mtoto. Yaya alikiri mahakamani, akafungwa miaka minne mwezi uliofuata.

Lakini tazama kilichofuata. Mabinti wa kazi wa Kampala, Nairobi, Dar na Bukoba, ambao hawakumjua yule dada wala hawakuwahi kumgusa mtoto kwa ubaya, waliamka asubuhi wakiwa washukiwa. Video moja ya dakika chache ikazalisha machale mapya. Hayo nayo, baada ya miaka 30, yataitwa sauti ya moyo wa mama.

Kwa hiyo naona kuna aina mbili za kuhisi, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Moja inakuja kabla hujamwona mtu akifanya kitu. Unasikia jina, lafudhi, unaona chale usoni, tayari umeshahisi. Nyingine inakuja polepole, baada ya kumwona: anavyompokea mtoto anayelia, kama anatafuta kwanza kwa nini analia au anamtikisa tu anyamaze; kama ananawa mikono bila kuambiwa; na mtoto mwenyewe, akimsikia mlangoni anageuza shingo upande gani. Hii ya pili mara nyingi huwezi kuieleza kwa maneno, lakini imekula ushahidi. Ile ya kwanza ina maneno mengi sana.

Shangazi yangu mmoja pale Bukoba mjini, aliyelea wanawe sita akiwa kazini, hakuwa na muda wa makabila. Binti akija, shangazi alimkalisha jikoni naye wiki nzima, wanamenya ndizi pamoja, mtoto katikati yao kwenye mkeka. Hakumuuliza mengi. Siku ya tatu au ya nne anaondoka kwenda dukani, anarudi kwa njia ya nyuma. Basi. Wawili aliwarudisha kwao kwa nauli yake. Mmoja alitoka kijiji cha shangazi mwenyewe.

Kuna upande mwingine ambao sijauona ukiandikwa kokote. Yaya naye ana machale. Anaingia nyumba ya watu asiowajua, anaonyeshwa mkeka wa kulalia sebuleni au stoo isiyo na komeo, anamtazama baba mwenye nyumba anavyomtazama. Tumbo linamwambia kitu. Nani wa kumsikiliza? Mama akihisi vibaya anamfukuza binti, binti akihisi vibaya anaambiwa ana dharau. Sheria imejaribu kuweka komeo kwenye ile stoo: sheria ya ajira ya mwaka 2004 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Chama cha CHODAWU tangu mwaka 1995 kimekuwa kikiwaunganisha wafanyakazi wa majumbani pamoja na wa mahoteli. Ila nyumba ni nyumba, mlango ukifungwa umefungwa. Na kwa historia niliyoipitia hapa, mwenye sababu nzuri zaidi ya kuogopa alikuwa mara nyingi ni yule mwenye mfuko wa nailoni.

Tangu ada zifutwe hadi kidato cha nne mwaka 2016, mabinti wengi wa Rubafu wanabaki shule hadi miaka 17, 18. Yaya wa leo anaweza kuwa na cheti cha kidato cha nne, kama mimi. Mmoja niliyesoma naye anaondoka wiki ijayo kwenda Dar kulea mapacha. Dalali alimpigia simu akamuuliza umri, dini, kabila. Kuhusu watoto, kwamba amewalea wadogo zake wanne tangu mama yao afariki, hakuulizwa.

"Ukamwambia kabila gani?" nikamuuliza. Tulikuwa ufukweni, tunangoja dagaa wakauke.

"Mnyambo," akasema. "Aliyetangulia alisema Mhaya, wakamkatia simu."

Akacheka. Bugabo haijawahi kuwa Karagwe hata siku moja. Kisha akaniuliza, kwa kuwa ninasoma soma vitabu, Rumanyika nilisema alikuwa mfalme wa wapi vile, maana huenda huyo mama wa Dar akamuuliza ya kwao.